Umechaguliwa kamati ya shule? Mwongozo kamili wa maadili, hela na mafunzo kwa wajumbe wa Mtwara na Lindi

Mkutano wa wazazi umeisha, jina lako limepita, watu wamekupigia makofi, alafu hamna hata mmoja aliyekwambia kazi yenyewe ni ipi. Wiki mbili mbele mwalimu mkuu anakupigia "mjumbe njoo mara moja kuna karatasi ya kusaini" na hapo ndo wengi tunapoharibikiwa. Huu mwongozo ni wa wewe mjumbe mpya, uwe Newala, Nanyumbu, Ruangwa au Kilwa, na hata wewe wa zamani ambae umekaa kwenye kamati miaka na bado unasaini tu.

Kwanza tuelewane majina. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi ya shule, zote zinatokana na Sheria ya Elimu, Sura 353. Kwenye kamati wazazi mnachaguana, kwenye bodi wajumbe wengi wanateuliwa. Mwalimu mkuu (au mkuu wa shule kwa sekondari) ndo katibu wenu. Katibu wenu, sio bosi wenu, na nyie pia sio mabosi wake. Ukilishika hili nusu ya ugomvi wa shule za huku unaisha.

HATUA YA 1: Jua nguvu yako inaishia wapi

Mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote, mamlaka ni ya kikao. Ukiwa nje ya kikao wewe ni mzazi kama wazazi wengine, basi. Kwaiyo ile tabia ya mjumbe kuingia darasani saa 4 na kumuuliza mwalimu "mbona unakaa tu" mbele ya watoto ni kosa, hata kama kweli mwalimu alikuwa amekaa anachati. Kuna na wale wanaoenda stoo kujichotea kilo mbili za maharage "mimi ni kamati", hao hata hatuwajadili.

Nidhamu ya mwalimu sio kazi yenu. Mwalimu ana mwajiri wake na kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC. Nyie kama mwalimu hafiki kazini mnaandika tarehe alizokosekana, mnamwambia mwalimu mkuu, isipobadilika mnalileta kwenye kikao na linaingia kwenye muhtasari, alafu linapelekwa kwa afisa elimu kata. Mjumbe kwenda kumtangaza mwalimu kijiweni au kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kabla kikao hakijakaa hiyo ni kumchafua mtu, na ikija kuonekana alikuwa na ruhusa ya ugonjwa utaficha wapi sura.

Upande wa pili nao upo. Mwalimu mkuu hawezi kuwaita ili "muidhinishe" kitu ambacho kimeshafanyika. Mkiletewa matumizi ya hela iliyotumika mwezi uliopita bila nyie kujua, msisaini kama vile mlikaa mkapitisha. Andikeni ukweli kwamba kamati imepewa taarifa tarehe fulani baada ya matumizi kufanyika. Ni sentensi moja tu ila siku mkaguzi akija ndo itakayokuokoa.

HATUA YA 2: Omba makaratasi mapema

Usisubiri mgogoro ndo uanze kuulizia. Ndani ya mwezi wa kwanza omba kwenye kikao (sio pembeni) muonyeshwe muhtasari wa vikao vya mwaka uliopita, mpango wa maendeleo wa shule, taarifa ya benki, leja ya stoo, kitabu cha kumbukumbu za adhabu na ripoti ya mwisho ya wathibiti ubora, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi. Ripoti ya wathibiti ubora watu wanaidharau lakini ndo yenye kila kitu, matundu ya vyoo mangapi yanakosekana, walimu wangapi hawana maandalio ya somo, yani inawapa kazi ya mwaka mzima bila kubuni.

Kama kusoma kunakupa shida sema wazi, omba isomwe kwa sauti. Wapo wajumbe wazuri sana huku kwetu wasiojua kusoma vizuri na wanauliza maswali kuliko waliosoma. Aibu ni kusaini kitu ambacho hujakielewa.

HATUA YA 3: Piga hesabu ya ruzuku mwenyewe

Hii hesabu ni rahisi na kila mjumbe anatakiwa aijue kichwani. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 (Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015) ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hiyo sh 6,000 inaletwa shuleni na sh 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sekondari ni 25,000, nusu yake 12,500 ndo inafika shuleni.

Sasa 6,000 gawanya miezi 12 unapata 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule yenu ina watoto 480? Basi tegemea 240,000 kwa mwezi, kwa mwaka 2,880,000. Chukua taarifa ya benki linganisha. Ikiwa pungufu sana cha kwanza angalia idadi ya wanafunzi iliyopo kwenye mfumo, mana wakati mwingine takwimu hazijahuishwa na watoto wa darasa la awali na la kwanza walioandikishwa Januari hawajaingizwa, hapo hamna mwizi ni takwimu tu. Ikiwa idadi iko sawa na hela haiendani, uliza.

Kitu kingine kinacholeta maneno ya chinichini ni posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, sh 200,000 kwa mwezi. Wajumbe wengi wanadhani anaikata kwenye ruzuku ya watoto. Hapana, hiyo ni ya kwake na inakuja njia yake. Msimsumbue mtu kwa haki yake, muulizeni yale ya shule.

Na kuhusu kusaini. USISAINI KARATASI TUPU. Sio hundi, sio fomu ya malipo, sio karatasi ya mahudhurio. Utaambiwa "benki iko mbali, Mtwara mjini huko, tukikosea itabidi turudi tena, we saini tu mbili za akiba". Kweli kutoka vijiji vya ndani vya Liwale au Nanyumbu hadi ilipo benki ni safari na nauli, lakini saini yako kwenye karatasi tupu ni hela yako mwenyewe imewekwa rehani. Kuhusu karatasi ya mahudhurio, kuna vikao ambavyo havijawahi kukaa ila vina majina na saini za watu 11, na siku ya ukaguzi wote 11 wanashangaa kwa pamoja.

HATUA YA 4: Ndugu, shemeji na tenda ya shule

Hapa tukae kidogo, mana ndo penye mzizi wa mambo.

Kijijini wote ni ndugu. Huwezi kupata fundi, muuza mchanga, mwenye lori na mpika uji ambao hawana undugu na mjumbe hata mmoja. Na huku kwetu kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukihesabu ndugu hesabu na upande wa mama, wajomba na wapwa, sio baba na kaka tu, kwaiyo orodha ni ndefu. Anaekwambia "mjumbe muadilifu hafanyi biashara na ndugu" hajawahi kuishi kijijini. Swali sio kama una undugu, swali ni kama umeusema.

Njia ni tatu kwa pamoja: unatamka, unatoka, inaandikwa. Unasimama kabla hoja haijaanza unasema hivi: "Ndugu mwenyekiti, mmoja wa mafundi walioomba hii kazi ni mume wa dada yangu, naomba nitoke mpaka mmalize, na katibu aandike kwamba nimetoka." Unatoka kweli, unakaa chini ya mwembe huko, sio unasimama dirishani. Kukaa ndani kimya ukisema "mimi sichangii" haitoshi, mana nani atamsema vibaya shemeji yako ukiwa umemkodolea macho?

Alafu usifanye nusu nusu. Kuna mjumbe anatoka kwenye kikao vizuri kabisa ila jana yake usiku alishazunguka nyumba kwa nyumba kumpigia debe shemeji. Hiyo ni maigizo.

Kwenye ujenzi wa fosi akaunti (shule inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe bila mkandarasi) kawaida mnaunda kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Zipo tatu kwa makusudi, anaenunua asiwe ndo anaepokea na anaesimamia. Mkikuta jina moja lipo kwenye mbili kati ya hizo, litoeni siku hiyohiyo hata kama ni mtu mzuri. Na kamati ya mapokezi muiheshimu, watu wanaiona ya kuhesabu mifuko tu, lakini hapo ndo hela inapovujia. Saruji imeandikwa mifuko 120, waliokuwepo wanahesabu 104. Bati mlikubaliana geji 28 zinashushwa geji 30, nyembamba zaidi. Mchanga tripu 6 kwenye risiti, mlinzi ameona 4. Mpokeaji ahesabu mzigo ukiwa bado unashushwa, aandike idadi aliyoiona kwa macho yake na asaini hiyo, sio ile ya kwenye karatasi ya muuzaji.

Bei nazo sio siri. Saruji inatengenezwa hapahapa Msijute kwenye kiwanda cha Dangote, kila mtu mwenye msingi wa nyumba anajua mfuko unauzwaje, kwaiyo ukiletewa bei imezidi ya dukani kwa elfu kadhaa kila mfuko ujue kuna cha juu cha mtu. Kabla ya kikao piga simu maduka mawili matatu ya Masasi au Lindi mjini uliza, haichukui hata dakika kumi. Siku hizi manunuzi ya serikali yanapita kwenye mfumo wa NeST na wengine wanautumia kama kisingizio, "mfumo ndo umechagua". Mfumo haupokei mzigo, mnapokea nyie. Kwenye zile hela za UVIKO za 2021 chumba kimoja cha sekondari kilitengewa milioni 20, na kuna sehemu zilitosha na sehemu nyingine zikaishia kwenye lenta. Tofauti kubwa ilikuwa watu waliosimama pale kuhesabu.

Zawadi je? Fundi amemaliza kazi anakuletea "hela ya soda", msambazaji anakuongezea mifuko mitatu ya saruji kwa nyumba yako. Chai mliyokunywa wote kwenye kikao haina neno. Kitu ambacho unapewa wewe peke yako, na hupendi wenzio wajue, ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007 haiangalii kama wewe ni mjumbe wa kujitolea au waziri. Rudisha mbele ya shahidi, ukishindwa mtaarifu mwenyekiti. TAKUKURU namba yao ya bure ni 113.

HATUA YA 5: Michango na msimu wa korosho

Ada imefutwa, mchango haujakatazwa ila ni hiari. Waraka Na. 3 wa 2016 ulikuja kufafanua nani anawajibika na nini, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kuwachangisha wazazi baada ya malalamiko kuzidi. Kwa mjumbe inamaanisha hivi: mchango unajadiliwa na wazazi kwenye mkutano, mnaomba kibali ngazi za juu kabla ya kukusanya hata shilingi, mwalimu hakusanyi, na mtoto HARUDISHWI nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Kusoma majina ya wadaiwa mstarini asubuhi pia ni adhabu kwa mtoto ambae hana mnada wa korosho wala AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima).

Huku kwetu kila mtu anasubiri Oktoba minada ianze ndo shule ipate dawati. Wazo la kukata shilingi kadhaa kwa kilo kupitia AMCOS linakuja kila mwaka, na sio baya, ila likipita juujuu linaleta vita. Mambo ya kuangalia: mkutano ulikuwa na watu wa kutosha au walipitisha watu ishirini? Asie na mikorosho kabisa, mvuvi, muuza genge, anachangia vipi? Aliepigwa na ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho) mwaka huu akavuna gunia mbili je? Hela ikikatwa inaingia akaunti ipi na nani anatoa taarifa kwa wakulima? Kama hamna majibu ya hayo manne msipeleke barua AMCOS. Na mkulima akienda kuangalia malipo yake akakuta makato ambayo hayajui atakuja kwako, sio kwa katibu wa chama.

Chakula cha mchana ndo mchango wenye faida ya harakaharaka, mtoto aliekula anakaa darasani, wale wa utoro wa saa 6 wanapungua. Ila mahindi yanahitaji daftari. Yaliyoingia, yaliyotoka leo, watoto waliokula, saini ya mpishi na ya mjumbe wa zamu. Bila daftari nusu ya gunia itakuwa "panya wamekula" kila wiki.

HATUA YA 6: Yanayohusu mtoto mwenyewe

Hapa hakuna kujuana. Kumpa mimba au kumuoa mwanafunzi ni jela miaka 30 tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016. Na kesi hizi huku zinakufa kwa namna moja, familia mbili zinakaa, mbuzi anatoka, hela kidogo inatoka, binti anapelekwa kwa bibi kijiji kingine. Mjumbe ukialikwa kwenye kikao cha namna hiyo usiende hata kama ni kwa mjomba wako, na ukishajua huruhusiwi kukaa kimya. Mwalimu mkuu, mtendaji, ustawi wa jamii, dawati la jinsia polisi. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure. Alafu binti akishajifungua anaruhusiwa kurudi shule, serikali iliamua hivyo Novemba 2021, kwaiyo kazi ya kamati ni kumfuata nyumbani na kumuandalia njia ya kurudi bila kusimangwa.

Viboko vina kanuni, za mwaka 2002. Visizidi vinne, mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliemuidhinisha, msichana achapwe na mwalimu wa kike ila kama shule haina, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Ndo mana nilisema ule mwezi wa kwanza muombe hicho kitabu. Kikiwa kitupu kabisa na watoto wanarudi na alama, mna ajenda.

Jando na unyago: hakuna haja ya kugombana na mila zetu, kaeni na manyakanga (wakufunzi wa unyago) na wazee kabla ya likizo ya Juni na Desemba, mpeane kalenda ya shule, watoto watoke kabla shule haijafunguliwa. Ikisemwa mapema na watu wanaoheshimika wanaelewa. Mkisubiri Januari darasa la sita wapungue kumi ndo muanze kuwatishia watu kwa mtendaji, mmechelewa.

Na siri. Habari za mtoto, ugonjwa wake, matokeo yake, kilichompata, zinabaki kwenye kikao. Picha za watoto usirushe kwenye magrupu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na mbali na sheria ni utu tu.

HATUA YA 7: Mafunzo, msiyasubiri

Chombo cha serikali kinachofundisha uongozi wa elimu ni ADEM, makao yake Bagamoyo, na mara nyingine halmashauri zinaleta mafunzo kwa kamati na bodi. Waandikieni mkurugenzi kupitia afisa elimu kata muombe, ombi likiwa kwa maandishi linakumbukwa bajeti inapopangwa. Ila katikati ya kusubiri mnaweza kujifundisha wenyewe kwa nusu siku.

Kwanza tafuteni waliowahi kufundishwa. Mradi wa Tusome Pamoja ulikuwepo Mtwara, EQUIP-Tanzania ulikuwa Lindi, na yote miwili ilifanya kazi na wazazi na kamati. Hao watu bado mnaishi nao, wana vitini ndani vimefungiwa vitumbua, kaombeni vilivyobaki.

Siku: epukeni msimu wa kuokota korosho na kipindi cha kupulizia mikorosho salfa, watu hawatakuja na hamtawalaumu. Februari mashamba yana kazi ila korosho zimetulia, angalieni Ramadhani imeangukia wapi, na Ijumaa msivuke saa 5. Anzeni saa 3 asubuhi.

Saa ya kwanza: afisa elimu kata aeleze majukumu, mwalimu mkuu akiwepo asikie hukohuko. Saa ya pili: hesabu. Chukueni taarifa halisi ya benki ya shule yenu, kila mjumbe apige ile hesabu ya 500 kwa mtoto mwenyewe kwa kalamu, asiangalizie. Kisha mtu wa TAKUKURU wa wilaya kama mkimpata, huwa wanakuja mkiwaandikia barua, wanapenda kuja kufundisha kuliko kuja kukamata. Mwisho igizeni. Mpeni mmoja awe muuza mbao, mwingine mjumbe shemeji yake, kikao kiendelee, wengine muangalie nani ametamka na nani amekausha. Watu watacheka sana ila ile sentensi ya kutangaza undugu inabidi mtu aitoe mdomoni kwake mara moja kwa mchezo ndo siku ya kweli imtoke. Chai na chapati inatosha, posho ikiwa haipo msiitafute kwenye hela ya ruzuku.

HATUA YA 8: Muhtasari

Kaeni angalau kila robo mwaka. Muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, kurasa ziwe na namba, mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa. Usipokubaliana na uamuzi sema uandikwe: "mjumbe fulani hakukubali kwa sababu hii". Kununa sio kupinga. Uamuzi ukishapita kwa wengi na haujavunja sheria, nje mnaongea lugha moja. Ukiwa umevunja sheria hapo ni afisa elimu kata, akikaa kimya mkurugenzi kupitia ofisi ya elimu msingi au sekondari, na kama kuna rushwa huna haja ya kupanda ngazi zote hizo.

Mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa herufi kubwa, sio karatasi moja ya komputa imefichwa nyuma ya mlango wa ofisi.

Na muda wako ukiisha kabidhi kwa maandishi. Nakala za mihtasari, funguo ya stoo kama ulikuwa nayo, mhuri, saini yako iondolewe benki. Hili la benki fuatilia mwenyewe mpaka uone limebadilishwa, mana kuna watu waliotoka kwenye kamati siku nyingi na bado majina yao yanatoa hela.